Shanta Hununuliwa kwa Sentimita, Si kwa Lita

Kwenye lebo ya shanta la safari kuna namba moja iliyoandikwa kwa maandishi makubwa: lita 45, lita 60, lita 70. Namba hiyo inakwambia mfuko unameza kiasi gani. Kuhusu mgongo utakaoubeba, iko kimya. Habari ya mgongo imewekwa pembeni, mara nyingi herufi tupu ya S, M au L, na wanunuzi wengi huisoma kama saizi ya fulana: mrefu achukue L, mfupi achukue S, yaishe. Maumivu ya mabega huanzia hapo, siku nyingi kabla ya safari yenyewe.

S au L ya shanta hupima kiwiliwili, yaani kutoka pingili iliyotokeza chini ya shingo mpaka usawa wa ukingo wa juu wa mifupa ya nyonga. Katika hesabu hii kimo hakimo. Chukua watu wawili wenye sentimita 175 kila mmoja. Mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili cha sentimita 44, mwenzake ana miguu mifupi na kiwiliwili cha sentimita 51. Wakisimama pamoja vichwa viko sawa, lakini wa kwanza ni wa S na wa pili ni wa L. Wakipewa wote M kwa kuwa "wana urefu wa kawaida", wote wawili watarudi wakilalamika, kila mmoja na kilio chake.

Sababu iko kwenye kazi ya fremu. Shanta lenye fremu limekusudiwa kupeleka sehemu kubwa ya uzito kwenye nyonga; makadirio yanayotumika sana ni asilimia 70 hadi 80, na mabega yabaki na kazi ya kuzuia mzigo usianguke nyuma. Fremu, iwe fito mbili za alumini, bamba gumu la plastiki au waya mnene unaozunguka pembeni, hukusanya uzito na kuushusha kwenye mkanda wa nyonga. Mkanda nao lazima ushike mfupa, kwa sababu tumbo hubonyea na mfupa haubonyei. Umbali kutoka mkanda huo hadi mahali mikanda ya mabegani inapoanzia ndio urefu wa mgongo wa shanta. Wewe una umbali wako mwilini, shanta lina wake. Visipolingana, upande mmoja utahama, na karibu kila mara kinachohama ni mkanda wa nyonga, maana mabega hayana pa kwenda.

Wazo la kubebea nyonga lina historia fupi kuliko mtu anavyodhani. Mwaka 1952 Dick Kelty wa California alianza kutengeneza mashanta ya fremu za alumini, na mkanda wa kiunoni ukawa sehemu ya kazi yake. Simulizi inayorudiwa kumhusu ni kwamba akiwa kwenye milima ya Sierra Nevada alichomeka miguu ya fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, akasikia mabega yamepumua. Fizikia haijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni vifaa tu.

Kupima

Tafuta mtu wa kukusaidia, futi laini ya fundi cherehani na vipande viwili vya plasta au karatasi ya gundi. Vaa fulana nyepesi, au usivae kitu mgongoni kabisa.

Inamisha kichwa mbele, kidevu kielekee kifuani. Msaidizi apitishe kidole kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni kwenda chini mpaka akutane na pingili iliyotokeza kuliko zote. Hiyo ni pingili ya saba ya shingo. Kwa watu wengine zinaonekana mbili, na hapo ndipo vipimo vingi huharibika. Dawa yake ni rahisi: aweke kidole kimoja juu ya kila pingili, kisha wewe uinue kichwa taratibu na kukipeleka nyuma kidogo. Ile ya sita huzama chini ya kidole, ya saba hubaki palepale. Bandika plasta juu ya iliyobaki.

Sasa nyonga. Weka mikono pembeni ya mwili, vidole vinne mbele na gumba nyuma, uanze juu kwenye mbavu na kushuka ukibonyeza kwa nguvu hadi kiganja kikwame kwenye kama rafu ya mfupa. Huo ndio ukingo wa juu wa nyonga. Ukiishia kwenye sehemu laini ya kiuno umepima juu mno, na utapata namba fupi kuliko ukweli. Ukiteleza hadi kwenye nundu ya pembeni, pale paja linapoungana na mwili, umeshuka mno na mgongo wako utaonekana mrefu usivyo. Gumba zote mbili zielekee kwenye uti wa mgongo kwa usawa. Msaidizi avute mstari wa kufikirika kati ya gumba hizo, abandike plasta ya pili mstari unapokata uti.

Kabla ya kusoma futi, nyanyua kichwa na usimame wima kama kawaida. Watu husahau. Pingili hutafutwa kichwa kikiwa kimeinama, lakini mgongo hupimwa ukiwa umenyooka, kwa kuwa mgongo ulioinama huvutika na kuongeza sentimita ambazo hutembei nazo. Futi ifuate mpindo wa mgongo na kulala juu ya ngozi, isivutwe hewani kama kamba ya nguo. Pima mara tatu. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita moja, tatizo liko kwenye plasta za alama, si kwenye futi, anza upya.

Aliye peke yake afunge kwanza kamba au mkanda mwembamba juu ya ukingo wa nyonga, usawa pande zote. Kisha ashikilie mwanzo wa futi kwenye pingili ya saba, aiache ining'inie, na kwa mkono wa pili aibane inapokutana na ile kamba. Futi inayoning'inia haifuati mpindo wa mgongo, kwa hiyo husoma pungufu kidogo. Kipimo hicho kinatosha kuondoa saizi zisizokufaa kabisa. Kwa kuchagua kati ya saizi mbili zilizopakana, hakitoshi.

Kutoka namba hadi saizi

Kwa makadirio ya jumla, chini ya sentimita 40 ni XS, 40 hadi 45 ni S, 45 hadi 50 ni M, na kuzidi hapo ni L. Yachukue kama makadirio kweli, kwani kila mtengenezaji ana jedwali lake, na M ya mmoja inaweza kuingia ndani ya S ya mwingine. Soma jedwali la sentimita la shanta hilo hilo unalolitaka. Hata modeli mbili za kampuni moja haziendi sawa lazima.

Mashanta yenye mgongo unaorekebishwa huandika masafa, kwa mfano sentimita 43 hadi 53. Hapo usiridhike na kuwa "ndani ya masafa". Mwenye sentimita 48 yuko katikati na ana nafasi ya kupanda au kushuka. Mwenye 43 yuko ukingoni: mikanda imeshushwa mpaka mwisho, na akigundua njiani kwamba anahitaji sentimita moja pungufu, haipo. Ukijikuta ukingoni, jaribu pia saizi inayofuata upande huo. Huenda ikakuweka katikati ya masafa yake.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipita juu juu. Kurekebisha mgongo huhamisha mikanda ya mabegani, lakini fremu yenyewe haiongezeki hata milimita. Mtu mwenye kiwiliwili kirefu anaweza kupandisha mikanda hadi ikae barabara mabegani, kisha akakuta ncha ya fremu imeishia usawa wa bega. Vile vikanda viwili vyembamba vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu vitalala bapa, na havitakuwa na cha kuvuta. Kwa mtu kama huyo shanta la saizi moja kwa wote halifai, hata lebo iseme nini. Anahitaji fremu ndefu.

Namna za kurekebisha ni tatu kwa kawaida: ngazi ya vitanzi, reli yenye kufuli, na velkro pana iliyofichwa nyuma ya pedi. Velkro ndiyo inayosumbua. Usiivute kwa nguvu kutoka juu. Ingiza rula bapa au kiganja kati ya tabaka zake, uachanishe, sogeza, toa rula, kisha ubonyeze eneo lote. Ikishika nusu itateleza mzigo ukishazidi, na utadhani umekosea kipimo. Hakikisha pia upande wa kulia na wa kushoto viko usawa, maana mkanda mmoja ukizidi kwa sentimita mbili shanta litaegemea upande mmoja safari nzima.

Mkanda wa nyonga una saizi yake

Zungusha futi juu ya ukingo wa nyonga, palepale ulipoweka viganja. Saizi ya suruali isikuongoze, kwa sababu suruali nyingi hukaa chini au juu ya hapo. Ukishafunga mkanda, pedi za pande mbili zipite zile ncha za mfupa zilizotokeza mbele, na kati ya pedi libaki pengo. Pedi zikigusana mbele, mkanda ni mkubwa na umemaliza kukaza. Leo unaweza kutosha juu ya jaketi. Kesho ukibaki na shati jepesi hautashika kitu. Zikiishia ubavuni, mkanda ni mdogo, na utepe mtupu ndio unaokata nyama mbele.

Hilo la pili lina madhara kuliko linavyoonekana. Neva inayopeleka hisia kwenye ngozi ya upande wa nje wa paja hupita karibu na ncha ya mbele ya nyonga. Utepe mwembamba uliokazwa hapo kwa saa nyingi huleta ganzi au mwasho wa moto pajani, na mtu huanza kulaumu viatu. Mashanta kadhaa huruhusu kubadilisha mkanda peke yake. Ukiwa na mgongo wa S na nyonga za L, hiyo ndiyo sifa ya kutafuta kabla ya rangi na idadi ya mifuko.

Lijaribu likiwa na uzito

Shanta tupu hukaa vizuri mgongoni mwa kila mtu. Tia kilo 8 hadi 10 kabla ya kusema lolote, na upange kama utakavyopanga safarini: vyepesi na laini chini, vizito katikati karibu na uti wa mgongo, vya kati juu. Ukirundika uzito wote chini au mbali na mgongo, hata shanta la saizi sahihi litakuvuta nyuma na utalikataa bure.

Legeza mikanda yote. Vaa, inama mbele kidogo, nyanyua shanta kwa mabega, kisha funga mkanda wa nyonga ili katikati ya pedi kuangukie ukingo wa mfupa: nusu ya pedi juu ya ukingo, nusu chini. Kaza. Baada ya hapo vuta mikanda ya mabegani chini na nyuma mpaka iguse mwili, kugusa kunatosha. Kisha vile vikanda vyembamba vya juu, taratibu, hadi mzigo usogee karibu na mgongo. Mwisho mkanda wa kifuani, sentimita chache chini ya mitulinga, ukiwa umelegea kiasi cha kuvuta pumzi ndefu bila kuusikia. Rudi kwenye mikanda ya mabegani uilegeze kidogo. Mabega yakishuka na nyonga zikapokea, umepatia mpangilio. Ukianza na mabega, mzigo unaning'inia juu na mkanda wa nyonga unafungwa mahali ulipoukuta, yaani tumboni.

Sasa geuka ubavu mbele ya kioo, au upigwe picha. Angalia mkanda wa bega unapoachana na shanta: panapofaa ni kati ya makombe ya mabega, sentimita 3 hadi 5 chini ya kilele cha bega. Kutoka hapo pedi ipande, izunguke bega na kushuka kifuani bila kuacha mwanya, na iishie chini ya kwapa vya kutosha ili ile klipu ya kurekebishia isisugue.

Mgongo wa shanta ukiwa mrefu mno, mkanda huanzia usawa wa bega au juu yake, na nyuma ya bega panaonekana mwanya unaopitisha vidole. Mvaaji hujisikia anavutwa nyuma, anakaza mikanda, mwanya haufi, na kinachoongezeka ni shinikizo upande wa mbele wa kwapa. Anakaza tena. Hakuna kiasi cha kukaza kinachofupisha fremu.

Mgongo wa shanta ukiwa mfupi mno, mambo hugeuka. Mikanda huanzia chini sana mgongoni, hupanda bega kwa mteremko mkali na kulivuta chini, vikanda vya juu hulala bapa au kuelekea chini, na mkanda wa nyonga unakwea tumboni kila unapokaza mabega. Huyu ndiye anayemaliza siku akiwa ameshikilia mikanda kwa gumba ili kuinua mzigo kidogo. Ukimwona mtu anatembea hivyo, tazama kiuno chake kwanza.

Vikanda vya juu vikitazamwa kwa pembeni vinapaswa kupanda kutoka bega kwenda kwenye fremu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kati ya 30 na 60 hakuna ubaya. Lakini usiifanye pembe hiyo kuwa hukumu ya pekee. Mashanta madogo ya siku moja mengi hayana vikanda hivyo kabisa, na mwenye kiwiliwili kifupi ndani ya fremu ndefu atapata pembe kali huku kila kitu kingine kikiwa sawa. Hukumu kubwa ni nyonga: je, mkanda uko juu ya mfupa, na umebaki hapo?

Swali hilo la "umebaki" halijibiwi ukiwa umesimama. Mkanda hushuka kidogo uzito ukitulia na sponji ikishajikunja, kwa hiyo tembea dakika 20 hadi 30, panda na kushuka ngazi, inama ufunge viatu, nyanyua goti hadi usawa wa kiuno. Kisha angalia tena ulipoukuta mfupa mwanzo. Mkanda ukishuka sentimita moja, ni kawaida, anza juu kidogo mara nyingine. Ukishuka mpaka unabana mapaja, kuna moja kati ya haya: mkanda mkubwa, vazi lenye kuteleza, au nyonga nyembamba ambazo haziupi mkanda cha kuegemea. Kwa hizo za mwisho, shanta lenye pedi nene ya kiunoni nyuma husaidia kuliko kukaza zaidi.

Vidole vikianza kuwasha au mkono kufa ganzi, legeza mikanda ya mabegani hapo hapo. Neva za mkono hupita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na mikanda ya shanta zito imewahi kuwaacha watu na mkono dhaifu kwa wiki kadhaa. Udhaifu usiokwisha baada ya kutua mzigo ni wa kupeleka kwa daktari.

Yasiyo na fremu, na yaliyotumika

Mashanta mepesi yasiyo na fremu yana hila yake. Urefu wa mgongo ulioandikwa ni wa shanta lililosimama. Likijazwa vibaya au likipita kilo 9 au 10 hivi, kitambaa hujikunja katikati, na mgongo wa sentimita 48 unakuwa wa 45 bila lebo kubadilika. Hapo mabega hubeba. Dawa ni kulijaza mpaka lisimame lenyewe, kukaza kamba za pembeni, na kutumia godoro la kulalia lililokunjwa kama bamba la mgongoni.

Shanta "la kike" mara nyingi huwa na mgongo mfupi, mikanda ya mabegani iliyokaribiana na yenye mpindo kama herufi S, na mkanda wa nyonga uliolazwa kwa pembe tofauti. Mwanamume mwenye kiwiliwili kifupi na mabega membamba anaweza kukaa vizuri humo, na mwanamke mwenye sentimita 50 anaweza asikae kabisa. Fuata futi. Kwa watoto, chukua linalorekebishwa na uwapime upya kila kabla ya safari. La "atalikulia" humwekea mtoto mkanda mapajani.

Ukinunua lililotumika, fungua sehemu ya mgongoni uhakikishe fito ziko zote mbili na ziko kwenye mifuko yake. Fito hutolewa ili kufua shanta, kisha hazirudi. Bonyeza sponji ya mkanda wa nyonga kwa gumba: ikibaki na shimo, imekufa. Angalia velkro kama imejaa nyuzi na vumbi, na soma lebo ya saizi kwenye mkanda peke yake, kwa sababu mkanda unaweza kuwa umebadilishwa. Fito za alumini zikiwa zimenyooka kabisa huku mgongo wako una mpindo, zichomoe uzipinde kidogo kidogo juu ya goti, huku msaidizi aliyekupimia akizilinganisha na mgongo wako. Pinda mara moja kwa uangalifu. Alumini inayopindwa mbele na nyuma mara kwa mara hudhoofika mahali pamoja, na hukatika siku ambayo shanta limejaa.